Prosesa Imesingiziwa

Hapa Kasongo kompyuta ina ugonjwa mmoja tu. Ikikataa kuwaka, prosesa imeungua na joto. Ikiwaka kisha ikajizima, prosesa imeanza kuungua. Hata skrini ikipasuka kwa sababu mtoto ameikalia, fundi ataipindua mashine, ataigusa tumbo kwa mgongo wa kiganja, atanyamaza kidogo ili kauli yake ipate uzito, kisha atatoa hukumu: "Papa, hii ni prosesa. Ni hili joto la kwetu." Walioko kwenye benchi watasikitika. Mmoja atakupa pole ya msiba. Mwingine, aliyekuja kuchaji simu tu, ataanza kusimulia jinsi prosesa ya binamu yake ilivyoungua huko Kindu.

Nimechoka na hukumu hii. Joto la mkoa wetu wa Maniema lina makosa yake, na mimi ni wa kwanza kulilaumu: linachachusha sombe kabla ya jioni, linamliza mtoto usiku kucha, na limegeuza misa ya Jumapili na hotuba ya Ijumaa kuwa mtihani wa imani. Lakini kuua prosesa? Hapo mnalibambikia kesi.

Ubaya ni kwamba hukumu ya fundi haiishii kwenye benchi. Inakufuata mpaka nyumbani. Mke wangu tangu aisikie ameweka sheria: mashine isiwashwe kati ya saa sita na saa tisa mchana, ambazo ndizo saa pekee paneli yetu ya jua inapotoa umeme wa maana. Mjomba anashauri niilaze juu ya mtungi wa maji ya kunywa ipate ubaridi, na huyo ni mtu aliyesoma. Shemeji yangu wa Kabambare, ambaye hajawahi kumiliki hata kikokotoo, aliniletea zawadi ya kitambaa cha kroshe cha rangi ya waridi, amekifuma mwenyewe, cha kuifunika laptop isipigwe na jua. Jua lipi, shemeji, ndani ya nyumba? Kitambaa chenyewe kinaziba matundu yote ya kutolea hewa, nami siwezi kukiondoa, maana akija hukagua.

Basi nisikilizeni. Jambo hili nimelisoma kwa hasira, na mtu akisoma kwa hasira hukumbuka.

Prosesa ni kipande cha silikoni kisichozidi sana ukucha wa kidole gumba, na ndani yake mna transista kwa mabilioni. Katika laptop nyingi nyembamba hutumia kama wati 15, na umeme wote huo, ukishamaliza kukupigia hesabu zako, hugeuka kuwa joto. Waliotengeneza walilijua hilo. Kwa hiyo waliweka vipimajoto ndani ya prosesa yenyewe, wakaipangia na kikomo: kwa nyingi za Intel za laptop ni nyuzi 100 hivi za Selsiasi, kwa nyingi za AMD ni karibu hapohapo. Ikifika hapo haiungui. Inapunguza mwendo, inapunguza na volteji. Joto likizidi kupanda hata hivyo, inajikatia umeme yenyewe, nawe unabaki unaitazama skrini nyeusi, kazi hukuihifadhi, unaita majina ya watu ambao hawahusiki.

Mmewaona wale wasukuma baiskeli wanaopanda vilima vya njia ya Kabambare na madumu ya mawese? Jua likikolea hafi mtu pale. Anapunguza hatua, halafu anaiegemeza baiskeli kwenye fimbo, anakaa chini ya mwembe, na mwenye mali akipiga simu hapokei. Prosesa nayo ndivyo ilivyo. Ukiona saa nane mchana mashine inaburuta, unaandika jina lako na herufi zinatokea moja moja, usikimbilie kuitisha matanga. Imekaa chini ya mwembe.

Hesabu yenyewe haihitaji hata hiyo kompyuta. Joto la prosesa hupanda juu ya joto la hewa inayoizunguka. Tuseme mtu wa Brussels ana chumba cha nyuzi 20 na prosesa yake imesimama kwenye 70. Mashine hiyohiyo, kwa kazi hiyohiyo, ikiletwa kwenye baraza langu lenye nyuzi 33, itasimama kwenye 83 hivi. Imeongezeka 13, na bado ina nafasi ya kupumua kabla ya kikomo. Watengenezaji wengi wa laptop huandika kwamba zitumike penye hewa isiyozidi nyuzi 35, kwa hiyo ziko siku tunakanyaga mstari, sikatai. Lakini huko kuyeyuka kunakosimuliwa kwenye benchi? Silikoni huyeyuka kwenye nyuzi 1,414. Atakayekwambia ya kwako imeyeyuka, mwulize ni tanuru gani aliloiingiza.

Kulikuwa na wakati prosesa ziliungua kweli, na nashuku fundi wangu alisomea wakati huo. Mwaka 2001 jarida la mtandaoni la Tom's Hardware, alilolianzisha Thomas Pabst, lilifanya ukatili mbele ya kamera. Kompyuta zikiwa zinaendesha mchezo wa Quake III, waling'oa kile kipande cha chuma chenye feni kinachopoza prosesa. Pentium 4 ya Intel ikapunguza mwendo, picha zikaanza kurukaruka. Waliporudisha kipoza ikaendelea na mchezo wake bila kinyongo. Pentium III iliganda, ila haikufa. Athlon za AMD zilifuka moshi zikafa hapohapo. Tangu aibu ile, kinga ya joto imekuwa jambo la kawaida kwenye prosesa za kila kampuni. Watoto waliozaliwa mwaka huo wana watoto wao sasa. Fundi wangu bado anaishi ndani ya ile video.

Na hao wa "joto la kwetu" wakawaulize watu wa London. Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu ianze kuweka kumbukumbu. Kituo cha Coningsby kilipima 40.3. Siku hiyo mitambo ya kupoza hewa kwenye vituo vya data vya Google na Oracle jijini London ilielemewa, na hospitali za Guy's na St Thomas' zikapoteza mifumo yao ya kompyuta, madaktari wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Google walizima sehemu ya mashine zao kwa makusudi ili zisiharibike, jambo ambalo ni la busara na ndilo ambalo prosesa hujifanyia yenyewe bila kuitisha kikao. Sisi Julai ileile tulikuwa katikati ya kiangazi, alfajiri tunavutana shuka. Hakuna aliyeiandikia London kwamba joto lao ni laana.

Linaloniuma zaidi ni ukoo. Bati liko kwenye lehemu inayoishika prosesa kwenye ubao wake, na tantalamu iko kwenye kapasita ndogondogo za pembeni, na vyote viwili mkoa wetu umevichimba kwa miaka mingi. Symetain ilianzishwa mwaka 1932 kuchimba bati kule Kalima, na mpaka leo vijana wa Kabambare wako mashimoni kutafuta kasiterite, koltani na dhahabu. Mawe yanaondoka Maniema kwa migongo ya watu na pikipiki, yanavuka bahari, yanayeyushwa huko yanakoyeyushwa, yanakaa miaka kadhaa kwenye meza ya karani wa Ulaya, kisha yanarudi Kasongo ndani ya mashine ya okazio, kwa bei ambayo sitaitaja hapa kwa sababu mke wangu husoma safu hii. Yakishafika, tunaambiwa hayawezi kuvumilia hali ya hewa. Mzaliwa wa hapa huyo!

Sasa mtaniuliza, kama si joto la nje, mbona mashine zinakufa kweli? Zinakufa. Anayeziua ni mwekundu, na kuanzia Juni hadi Agosti anaingia mpaka ndani ya kopo la chumvi. Feni ya laptop kazi yake ni kuvuta hewa. Pikipiki inapita barabarani, hewa inakuja na vumbi, vumbi linakutana na nyuzi za nguo na nywele, vinashikana na kufanya zulia dogo kati ya feni na yale mapezi ya chuma yanayotolea joto. Hapo feni inalia kwa nguvu zake zote na hewa haipiti. Prosesa itafika nyuzi 95 hata kama ninyi chumbani mmevaa masweta.

Ya kwangu niliifungua mwenyewe, nyuma ya nyumba, siku ambayo shemeji hakuwapo. Nilitoa zulia hilo. Nikatoa sisimizi waliokauka, ukoo mzima, inaonekana walihamia wakati wa mvua. Kisha nikafika chini ya kipoza, mahali panapopakwa ile grisi ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye chuma. Pale nikakuta kitu cheupe, kimekauka, kimepasukapasuka, kinanukia mnanaa.

Dawa ya meno.

Nilikuwa nimetozwa pesa ya "kurekebisha mfumo wote wa ubaridi", nikatiliwa dawa ya meno. Nayo, nisiwafiche, hufanya kazi kwa siku chache, maana ina maji. Maji yakishakauka inabaki chokaa, na joto linapita kwenye chokaa hiyo kwa shida. Lakini kwa hizo siku chache hakuna mtu nyumbani kwangu aliyekuwa na pumzi safi kuishinda prosesa.

Kuna na godoro. Wanafunzi wa chuo wanalalia tumbo, laptop imezama kwenye sponji, matundu ya chini yamezibwa kabisa, filamu ya saa mbili inaendelea. Asubuhi wanakuja kwa fundi na sura za wafiwa. Prosesa, wanaambiwa. Joto la kwetu.

Na umeme wenyewe. Tunaotegemea jenereta ya jirani tunajua saa mbaya: jioni, wakati mwenye kinu cha kusaga mihogo anapozima ghafla. Mzigo unatoka, volteji inaruka, taa zinameta kwa furaha ambayo haina maelezo mazuri, chaja inalia pa! na chumba kinanuka plastiki. Chaja ndiyo imekufa. Mtoto wa chekechea angekwambia. Fundi anaipokea chaja hiyohiyo, anainusa kwa makini, anaiweka chini. Prosesa, anasema.

Nimejiuliza sana kwa nini asiseme chaja. Jibu liko kwenye rafu. Chaja utainunua kwa muuzaji mwingine. Feni iliyojaa vumbi utaisafisha mwenyewe. Lakini prosesa hakuna mteja aliyewahi kuiona, hawezi kubisha, na kwa kuwa kwenye laptop nyingi imelehemiwa kwenye ubao mkuu, haibadilishwi kirahisi. Dawa ni kununua mashine nyingine. Na Mungu alivyo mwema, fundi anayo moja pale nyuma yake, imefutwa vumbi vizuri.

Kabla ya kuifungua, nilikuwa nimekwisha kuipakia mashine kwenye pikipiki nikaipeleka Kabambare, kwa fundi mwingine ambaye shemeji alimsifu. Safari ilinipa mgongo mpya, wa pembe nne. Fundi wa Kabambare aliipokea, akaipindua, akaigusa tumbo kwa mgongo wa kiganja. "Papa, mashine hii imekaa wapi?" Nikamwambia Kasongo. Akacheka kwa huruma. "Ndiyo sababu. Kasongo kuna joto. Ingekaa huku ingedumu." Kwa hiyo Kasongo tunaugua joto la Kongo, Kabambare wanaugua joto la Kasongo, na nina hakika nikirudi Kasongo nikitoka Kabambare nitaambiwa ni vumbi la Kabambare. Hapo angalau wangekaribia ukweli.

Nilipokuwa nasubiri nilimkumbuka David Livingstone, maana si mimi wa kwanza kukwama Kabambare na kazi ya maandishi. Yeye, aliyepaandika Bambarre, alikaa pale miezi mingi ya mwaka 1870 akiuguza vidonda vya miguu. Karatasi zilimwishia, na wino pia. Februari 1871 alimwandikia rafiki yake Horace Waller barua kwenye karatasi za kuokoteza, kwa wino wa kujitengenezea, na baada ya muda maandishi yakafifia hata yasisomeke. Mwaka 2010 watafiti waliyasoma, kwa kuipiga picha barua kwa mianga ya aina mbalimbali na kuzichambua picha hizo kwa kompyuta. Karibu miaka 140, wino wa porini, na barua ikasomeka. Ripoti yangu ya kikao cha wazazi ilikuwa kwenye diski ya laptop tangu kiangazi kilichopita na sikujua kama ningeiona tena. Aliyelaumiwa ni prosesa, ambayo ukizima mashine haikumbuki hata jina lako! Kazi ya kutunza ni ya diski, na diski ya kuzunguka haipendi kutikiswa kwenye pikipiki.

Nisije nikaonekana wakili aliyelipwa na Intel. Joto huidhuru prosesa, ila kwa mwendo wa uzee, si wa ajali. Ndani yake kuna vijinyaya vyembamba mno, na elektroni zinazopita humo husukuma atomi za metali kidogokidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka kijinyaya kinadhoofika na kukatika. Joto likipanda, msukumo huo unakwenda kasi zaidi. James Black wa Motorola aliandika kanuni yake huko mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo prosesa inayoishi kwenye nyuzi 95 kila siku itazeeka kabla ya ile ya 65. Lakini kabla uzee huo haujafika, wengine nyumbani humo watakuwa wamekwisha zikwa. Kapasita zenye majimaji ndani, kwa kanuni ya mafundi wa umeme, hupoteza kama nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Betri ya lithiamu inavimba. Feni inakwisha bushi. Prosesa inabaki mjane.

Kisha kuna kupanda na kushuka, na hili linatuhusu sana sisi wa umeme wa vipande. Mashine ikipata moto lehemu inatanuka, ikipoa inasinyaa. Jenereta inawashwa, inaishiwa esansi, inawashwa tena. Siku moja lehemu inapata ufa usioonekana kwa macho. Hayo yaliwakuta hata wakubwa: mwaka 2008 Nvidia walitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa sababu ya chipu zao za michoro zilizokuwa zikifa ndani ya laptop za watu. Chipu hazikuyeyuka. Zilichoshwa na kupata moto na kupoa.

Na hapa ndipo fundi wangu alipoonyesha kipaji. Kijana mmoja alileta mashine iliyokufa skrini. Fundi akatangaza kwamba joto limeua. Tukasikitika. Kisha akafungua ubao, akaufunika kwa karatasi ya bati inayong'aa, akaacha tundu dogo juu ya chipu, akamwambia msaidizi wake achochee jiko la makala. Nikauliza makala ni za nini. "Tunaichoma kidogo, Papa, ipate kuamka." Ikaamka! Hufanyika duniani kote, wengine hutumia oveni ya mikate, na uzima wake kwa kawaida ni wa wiki chache, kwa sababu ufa haukuzibwa vizuri, umefumbiwa macho tu. Nilitaka kumwuliza inakuwaje joto la barazani la nyuzi 33 liue, na joto la makala lifufue. Lakini watu walikuwa wanapiga makofi.

Mimi nilimwagiza mfanyabiashara anayekwenda Kalemie aniletee grisi yenyewe, ya kweli, iliyo kwenye bomba dogo. Nikaisafisha mashine kwa brashi ya rangi isiyotumika, nikapaka kiasi cha punje ya mchele, nikafunga skrubu zote isipokuwa moja ambayo kuku alifika kabla yangu. Sasa nikiandika saa nane mchana, prosesa iko kwenye nyuzi 70 na kitu. Sheria ya mke wangu haijafutwa. Naandika kwa siri, chini ya mwembe wa kweli, na kitambaa cha kroshe nimekikalia.

Habari zilienea. Juzi msaidizi wa fundi alifika mlangoni, amevua kofia, ameificha mikono nyuma.

"Jambo, Papa. Patroni anakusalimu sana. Anaomba umpimie kidogo ile dawa yako ya prosesa."

"Na ile yenu?"

"Imekwisha, Papa. Watoto wamepigia mswaki."